Chagua njia, usichague miji

Mwezi huu nina barua tatu. Ya kwanza imekula karibu ukurasa wote, na wenye barua fupi wanivumilie.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya upili hapa Mombasa, umri miaka 34. Nimeweka akiba miaka minne, na likizo ya Agosti nataka kuizunguka Ulaya kwa treni, peke yangu, kwa siku 18. Miji niliyoandika ni Amsterdam, Brussels, Paris, Cologne, Berlin, Prague, Vienna, Budapest na Venice. Nimeambiwa niombe viza kwa Waholanzi kwa sababu ndege inatua Amsterdam. Je, ni kweli? Ninunue pasi ya treni au tiketi mojamoja? Na mamangu hataki kabisa kusikia habari ya mtoto wa kike kulala ndani ya treni peke yake. Nimwambie nini? — Mwalimu, Mombasa

Marahaba, Mwalimu. Orodha yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli mkononi.

Miji tisa maana yake ni kuhama mara nane. Kila kuhama kunakula nusu siku, hata kama treni yenyewe ni ya mwendo wa saa mbili tu: kufunga mzigo, kurudisha ufunguo, kutafuta jukwaa, kushuka, kutafuta nyumba ya wageni, na kuambiwa chumba hakijawa tayari. Nusu siku mara nane ni siku nne. Utakuwa umetoka Mombasa na akiba ya miaka minne ili ukae siku nne umekumbatia sanduku.

Wasomaji wa zamani wananijua. Nilizaliwa Tabora, baba yangu alikuwa karani wa tiketi pale stesheni, na tangu mwaka 1996 niko hapa Köln, huo mji ulioandika Cologne, kwenye jiko la hospitali. Kila likizo napanda treni, na tabia yangu ni moja: miji siichagui, nachagua njia. Nafungua ramani, natafuta reli inayopita mahali ninapotaka kupaona kwa macho, kisha miji inajipanga yenyewe kando ya reli hiyo. Na wewe njia yako unayo tayari kwenye silabasi. Unawafundisha watoto polda za Uholanzi, yaani ardhi iliyokaushwa kutoka majini, na viwanda vya bonde la Ruhr la Ujerumani kila mwaka. Nenda ukavione, kisha uendelee mbele mpaka reli iishie baharini.

Kwa hiyo Brussels, Paris na Budapest nimezipiga mstari. Paris usiililie, inastahili safari yake yenyewe. Isitoshe, stesheni zake kubwa zimetawanyika mjini. Ukiingia kwa ya kaskazini na safari yako inatokea ya kusini, unavuka mji kwa metro na mzigo wako. Imebaki sita: Amsterdam usiku 3, Köln 3, Berlin 4, Prague 2, Vienna 3, Venice 2. Jumla usiku 17. Hata sita naona ni mingi, lakini najua nikikata zaidi hutaniandikia tena.

Tiketi ya ndege tafuta ile ya kuingilia Amsterdam na kutokea Venice. Ukikata ya kwenda na kurudi Amsterdam, utalazimika kurudi njia nzima uliyopita, na nauli ya kurudi huko itameza unafuu wote.

Sasa twende. Schiphol, pale ndege inapotua, ni sakafu ya ziwa lililokaushwa mwaka 1852. Uwanja uko mita kama tatu chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo utakuwa umeanza somo kabla hujafika kwa askari wa uhamiaji. Siku moja kati ya tatu zako panda treni ya kwenda Lelystad, haifiki saa nzima. Utapita kwenye mashamba yaliyonyooka kama mistari ya daftari, na kila unachokiona dirishani, nyumba, ng'ombe, mitambo ya upepo, kimekaa mahali palipokuwa maji. Ukuta wa Afsluitdijk, kilomita 32, ulifungwa mwaka 1932 ukaigeuza bahari ya Zuiderzee kuwa ziwa, na ardhi hii ikakaushwa baadaye. Lelystad yenyewe si mji wa kupendeza. Nenda kwa ajili ya dirisha, kunywa chai, rudi.

Amsterdam hadi Köln ni chini ya mwendo wa saa tatu. Ukiisha kupita Arnhem weka simu chini. Oberhausen, Duisburg: hiyo ndiyo Ruhr yako. Duisburg ndipo mto Ruhr unapoingia Rhine, na bandari yake ya mtoni ndiyo kubwa kuliko zote Ulaya. Usitarajie moshi wa kwenye picha za vitabu. Migodi ya makaa ya mawe imefungwa, wa mwisho mwaka 2018, na baadhi ya minara ya viwanda siku hizi watu wanaipanda kama burudani.

Köln sitaisifu sana, nisije nikaambiwa najipigia debe. Ukitoka mlangoni mwa stesheni kanisa kuu liko hapo hapo, juu ya kichwa chako. Lilianza kujengwa mwaka 1248, likamalizika 1880, na minara yake ni mita 157. Kuna ngazi 533 za kupanda mnara wa kusini. Nilizipanda mwaka 1998 na goti langu la kulia halijasahau. Lakini siku moja itoe kwa Rhine. Panda treni ya polepole ya kwenda Koblenz na Mainz, ile inayosimama kila kijiji, na ukae upande wa kushoto. Treni ya kasi usiipande siku hiyo, inakata milimani na mto huuoni. Baada ya Koblenz bonde linabana, ngome juu ya kila kilima, mizabibu imening'inia kwenye miteremko ambayo ungedhani hata mbuzi angekataa, na chini meli za mizigo zinapishana kwenye kona ya mwamba wa Loreley. Mimi nimepita hapo zaidi ya mara ishirini na bado sisomi gazeti.

Köln hadi Berlin ni mwendo wa saa nne na nusu hivi, mambo yakienda sawa. Hapa nikuungamie aibu. Tabora, kama mnavyojua, ndipo treni ya Dar ilipokuwa ikikatwa: mabehewa haya Mwanza, haya Kigoma. Nimekua nikiona abiria wanakimbia na mikungu ya ndizi kwa sababu wamekaa upande usio wao, na mimi na wadogo zangu tunacheka. Basi mwaka fulani natoka Berlin kurudi nyumbani, nikaona behewa lina nafasi, nikakaa, nikasinzia. Treni ile hukatwa mahali panapoitwa Hamm. Nusu inakuja Köln kupitia Wuppertal, nusu inakwenda Düsseldorf kupitia Dortmund na Essen. Nilipoamka tuko Essen. Binti wa karani wa Tabora! Nilipanda treni ndogo kutoka Düsseldorf, nusu saa tu, lakini baba yangu alikuwa bado hai na nilipomsimulia kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Kwa hiyo: usiangalie jina la treni peke yake, angalia kibao kilicho kwenye mlango wa behewa lako, na nambari ya behewa iliyo kwenye tiketi. Ubao wa jukwaani pia unaonyesha behewa lako litasimama kwenye herufi gani, A mpaka F au G. Simama hapo. Treni ya Ulaya haikusubiri ukimbie urefu wake.

Berlin hadi Prague kaa kushoto tena. Baada ya Dresden reli inashika ukingo wa mto Elbe, na ng'ambo ya mto kuna majabali ya mchanga yaliyosimama kama vidole, mpaka mnaingia Ucheki. Prague wanatumia koruna, si euro. Usibadilishe pesa kwenye vibanda vya mjini vyenye tangazo kubwa la kutotoza ada. Hasara imefichwa kwenye kiwango chao. Ukinaswa, sheria ya Ucheki inakupa saa tatu za kurudi na risiti na kudai pesa zako, kama kiasi hakizidi thamani ya euro 1,000. Prague hadi Vienna sina la kusema. Mwendo wa saa nne, lala.

Vienna hadi Venice ndiyo siku ya kuisubiri. Ni safari ndefu, nawe ipande mchana. Muda si mrefu baada ya kutoka Vienna treni inaanza kupanda mlima Semmering kwa mikunjo, unaona behewa la mbele likikata kona juu ya daraja la mawe. Reli hiyo ya kilomita 41, yenye madaraja 16 ya matao, ilikamilika mwaka 1854, na tangu 1998 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Chini ya mlima linajengwa handaki la kilomita 27. Likifunguliwa, treni za masafa zitapita gizani, kwa hiyo umewahi. Mwisho wa siku treni inatoka bara na kukimbia juu ya maji mpaka Venice. Lakini sikiliza: kuna stesheni mbili. Venezia Mestre iko bara. Venezia Santa Lucia ndiyo ya kisiwani, ukitoka mlangoni unakanyaga ngazi na mbele yako ni mfereji mkuu na mashua. Wengi hushuka Mestre kwa kuona neno Venezia, wakashangaa maji yako wapi. Vyumba vya Mestre ni rahisi zaidi, na treni za kuvuka ni nyingi, dakika kumi tu. Ukilala huko si aibu, ilimradi ujue ulipo.

Mbao za stesheni, kwa njia, haziandiki Vienna wala Prague. Tafuta Wien, Praha, Venezia. Na stesheni kuu kwa Kijerumani ni Hauptbahnhof, hufupishwa Hbf.

Umeona nimefanya nini kuhusu mama? Katika njia yote hii hulali ndani ya treni hata usiku mmoja. Mwambie Shangazi ameamua hivyo, kwa ajili ya milima. Lakini siku nyingine ukitaka treni ya usiku usiogope. Ni kama daraja la pili kulala la treni ya reli ya kati kule Tanzania: vitanda sita chumbani, au vinne, na unaweza kuomba chumba cha wanawake watupu wakati wa kukata tiketi. Mlango unafungwa kwa ndani. Kinachonisumbua zaidi mimi kwa msichana aliye peke yake ni kufika mji mgeni usiku wa manane. Panga ufike jua bado liko. Agosti Berlin linazama saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo nafasi unayo. Mwachie mama karatasi yenye tarehe, nambari za treni na anwani za kulala. Mpigie kila unaposhuka, si kila unapopanda. Nambari ya dharura ni 112 nchi zote hizo.

Viza. Aliyekwambia uombe kwa Waholanzi amekosea. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, popote ndege itakapotua. Nchi ya kuingilia inahesabiwa tu kama siku zimelingana. Wewe Uholanzi una usiku 3 na Ujerumani 7. Nenda kwa Wajerumani. Ada ni euro 90, hairudishwi hata ukikataliwa. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, lakini anayengoja siku 15 anajitakia presha. Agosti ni msimu, miadi inakwisha. Ingia foleni mapema iwezekanavyo. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Barua ya mwajiri iseme una ruhusa na utarudi kazini muhula wa tatu, na taarifa ya benki ionyeshe hiyo akiba ikikua mwezi kwa mwezi. Pesa iliyoingia kwa mkupuo wiki iliyopita inawafanya wakune vichwa. Vyumba kata vile vinavyoweza kufutwa bure. Na tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya mipakani wa kuchukua alama za vidole na picha badala ya muhuri, hivyo acha nafasi kabla ya jambo lolote ulilopanga siku ya kutua.

Hapo ndipo tunafika kwenye pasi au tiketi. Wazungu watakwambia tiketi mojamoja ni nafuu, na kwao ni kweli: nauli ya mapema ya Ulaya inaweza kuwa robo ya nauli ya siku yenyewe. Lakini wao hawangoji viza. Ile nauli ya chini kabisa haibadilishwi wala hairudishwi, na treni uliyoandikiwa ndiyo hiyo hiyo. Ukikata Machi na viza ikakataliwa Juni, umeitupa. Ukingoja viza mpaka Julai, nauli za mapema zimekwisha. Pasi ya Eurail, tiketi moja ya treni za nchi nyingi, bei yake haipandi kwa kukaribia safari, na ambayo haijaanza kutumika kwa kawaida hurudishwa kwa makato, ila za ofa, soma masharti. Wewe una safari tano kubwa, na ipo pasi ya siku tano za kusafiri ndani ya mwezi mmoja. Shauri langu ni hili: viza ikitoka mapema, linganisha nauli tano kwa pasi, chukua iliyo ndogo. Viza ikitoka Julai, nunua pasi usihangaike. Punguzo la vijana limekupita, linaishia miaka 27. Vyovyote vile lipia kiti, hasa treni ya Italia. Ni nyongeza ndogo, na Agosti watu wanasimama koridoni.

Treni ikichelewa kufika kwa saa moja una haki ya kurudishiwa robo ya nauli, na saa mbili nusu yake, isipokuwa sababu ikiwa dharuba na mfano wake. Omba, hawakutafuti wenyewe. Reli nazo hukarabatiwa sana majira ya joto, kwa hiyo angalia tena saa za treni siku mbili kabla. Na ukiwa na treni mbili za kuunganisha, usikubali dakika saba wanazokupa kwenye programu. Weka arobaini, ununue mkate.

Jambo linalowaponza Waswahili kuliko yote ni saa. Mwaka 2011 dada yangu alikuja kunitembelea. Tiketi yake ya kurudi uwanjani imeandikwa 08:05. Akaisoma alivyozoea, saa nane na dakika tano, akala chakula cha mchana kwa raha zake. Ilikuwa saa mbili asubuhi, treni imeondoka zamani. Tafsiri kila saa kwenye karatasi kabla hujaondoka Mombasa: 08:05 ni saa mbili na dakika tano asubuhi, 14:04 ni saa nane na dakika nne mchana. Simu nayo iache ijirekebishe yenyewe, kwa kuwa Agosti nyinyi mko mbele yetu kwa saa moja tu.

Mzigo: begi moja, na liwe lile unaloweza kulipandisha ngazi za ghorofa tatu bila kusimama. Hamali hakuna. Lifti za stesheni zina tabia ya kuharibika siku unayozihitaji. Ulizoea Madaraka Express, mbwa wananusa mabegi, mnafika saa nzima kabla. Ujerumani, Ucheki na Austria hakuna hata geti, unatembea kutoka barabarani mpaka mlangoni mwa behewa, na tiketi inakaguliwa mkiwa njiani. Kwa hiyo hakuna wa kukuzuia kupanda treni isiyo yako. Treni za mjini ukikutwa bila tiketi Ujerumani ni euro 60, na tiketi ya karatasi isiyogongwa kwenye mashine ni sawa na hakuna.

Pasipoti ikae mwilini, si begini. Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote tangu Septemba 2024, na polisi hupita ndani ya treni. Sitakuficha: kwenye behewa lenye watu themanini wataanza na wewe. Hata mimi wananianza kwanza, miaka yote hii na kadi yangu ya hapa. Wape, wasalimu, endelea kutazama mto.

Vyoo vya stesheni ni vya kulipia, euro moja hivi, tembea na sarafu. Ndani ya treni ni bure, na utakuta karatasi tu. Beba chupa ya nusu lita kwa kazi hiyo, uijaze bombani. Maji ya bomba la treni ni ya kunawa, si ya kunywa. Jumapili maduka ya Ujerumani yamefungwa, isipokuwa yale ya ndani ya stesheni kubwa. M-Pesa yako ibaki nyumbani, njoo na kadi ya benki. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii huku.

Nitumie picha ya Lelystad. Sijapata kuona mtu mwingine aliyekwenda kwa hiari.

Jambo Mama. Mimi ni wa Bukavu, nasoma hapa Liège, niko na miaka 26 na kadi ya ukaazi ya Ubelgiji. Mwezi wa tisa nataka nipite Zürich, Milano, Barcelona, na nimalizie London kwa mjomba. Rafiki ananiambia ninunue Eurail kwa kuwa pasipoti yangu ni ya Congo. — Mwanafunzi, Liège

Jambo, mwanangu. Rafiki yako anatazama pasipoti, wenye pasi wanatazama unapoishi. Anayeishi Ulaya hununua Interrail, hata akiwa Mkongomani. Tembea na hiyo kadi ya ukaazi kama ushahidi. Kwa miaka 26 unapata bei ya vijana. Ila ujue ndani ya Ubelgiji, nchi unayoishi, pasi inakupa safari mbili tu: ya kutoka na ya kurudi.

Kadi yako inakuruhusu kutembea nchi za Schengen, zile zenye viza moja, siku 90 ndani ya kila 180, na Uswisi imo. Uingereza haimo. Bila viza ya Waingereza utazuiwa kabla hujapanda Eurostar, treni ya London, kwa sababu wanakagua huku huku. Kama viza huna leo, mwambie mjomba Krismasi.

Na Barcelona iache. Kutoka Milano hakuna treni ya moja kwa moja, utapita Ufaransa, na treni za kasi za Ufaransa na Hispania zinataka ulipie kiti juu ya pasi. Viti vya wenye pasi vina idadi, vinakwisha mapema. Utalipa mara mbili kisha ukose. Fanya mzunguko usiotaka kiti kila hatua. Ondoka Liège kwa treni ya Luxembourg, inayopita misitu ya Ardennes. Luxembourg usafiri wa daraja la pili ni bure kwa kila mtu tangu mwaka 2020, usichome siku ya pasi kwa matembezi ya pale. Shuka kwa treni za kawaida Metz, Strasbourg, Basel, kisha Zürich. Zürich hadi Milano unapita chini ya Gotthard, handaki la kilomita 57 lililofunguliwa 2016. Ukiwa na muda chukua njia ya zamani ya juu, yenye kanisa dogo la Wassen unaloliona mara tatu, kwa sababu reli inazunguka kijiji ikipanda. Milano usikae siku nyingi. Rudi kwa handaki la Simplon, la mwaka 1906, utokee Brig, kisha Bern na Basel.

Siku ya pasi huanza usiku wa manane na kuisha usiku wa manane. Ukipanda treni ya usiku kabla ya saa sita usiku na hubadilishi treni njiani, inahesabiwa siku moja ya kuondoka. Mkate na maji nunua kabla hujaingia Basel, upande wa Ufaransa. Bei za Uswisi zitakutoa machozi.

Shangazi, shikamoo. Mwezi ujao naja kumtembelea mwanangu Vienna, napitia Frankfurt halafu treni. Anataka dagaa wa Kigoma, nyama ya kukausha, embe na asali ya Tabora. Vitapita? — Mama wa wanne, Kigoma

Marahaba, jirani yangu wa reli. Dagaa ni ruhusa: samaki waliokaushwa kwa matumizi ya nyumbani, mpaka kilo 20 kwa mtu. Nyama, hata iliyokaushwa, hairuhusiwi kabisa, na maziwa na samli vilevile. Wakiikuta wanaichukua na wanaweza kukutoza faini. Embe zinataka cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi na tende havitaki. Asali mpaka kilo 2, nayo funga vizuri, huwa inavuja ndani ya ndege.

Kutoka Frankfurt hadi Vienna ni zaidi ya mwendo wa saa sita. Dagaa watie kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, uifunge mifuko mitatu juu yake, na usiifungue mpaka mwanao akupokee. Madirisha ya behewa za huku hayafunguki.